Lori la Kemikali Likianguka, Saa ya Kwanza Iko Mikononi Mwenu



Kama unaishi karibu na barabara kuu, jiulize swali hili leo kabla siku yenyewe haijafika. Lori la mafuta limepinduka mita mia mbili kutoka kwenu. Ni saa tatu usiku. Kitu kinamwagika, harufu imejaa mtaa mzima, na watu wanapita mbio na mitungi. Wewe utaelekea upande gani?

Ni rahisi kujibu ukiwa umekaa na simu mkononi, "Mimi siwezi kwenda." Lakini tunajuana. Jirani anakupigia. Video tayari iko kwa WhatsApp. Bei ya lita moja ya petroli unaijua, kodi ya nyumba haijalipwa, mkopo wa boda unadai kila wiki, na hapo kando ya barabara kunamwagika pesa. Watu walioenda Sachangwan, Sidindi na Morogoro hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa vijana kama wewe, waliofanya hesabu ya haraka gizani, na hesabu ikawa mbaya.

Wacha tukumbushane, maanake hii nchi husahau haraka.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikusanyika kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Miili mingine iliungua kiasi kwamba mama hakuweza kumtambua mwanawe.

Miaka kumi baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, jirani zetu Tanzania wakapata yale yale pale Msamvu, Morogoro. Idd ya kuchinja ilikuwa imebaki siku chache tu. Lori lilianguka asubuhi, watu wakaja na ndoo na mitungi, moto ukawaka. Hapo pia zaidi ya watu 100 walikufa, wengine papo hapo, wengine hospitalini siku baada ya siku.

Julai 2021 ikawa zamu yetu tena. Usiku, eneo la Malanga karibu na Sidindi, Kaunti ya Siaya, lori la mafuta liligongana na lori lingine kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Watu wakatoka majumbani kuteka. Wasiopungua 13 wakafa.

Kila mara baada ya mazishi tunasikia wimbo ule ule. Kiongozi anasimama mbele ya kamera na kusema wananchi waache tamaa. Kisha anapanda gari, anaenda zake, na faili inafungwa.

Sisi tunasema mambo mawili, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. La kwanza: usiende. Hakuna mtungi wa petroli unaolingana na ngozi yako. La pili: ukiambiwa kwamba shida nzima ni tamaa ya maskini, usikubali. Hiyo ni njia ya kumfanya maiti abebe lawama ya kila mtu aliyekuwa hai.

Sio wote walienda na mtungi

Tarehe 10 Desemba 2016 usiku, pale Karai, Naivasha, lori lililobeba kemikali inayoshika moto lilipoteza mwelekeo, likagonga magari mengine na kulipuka. Takriban watu 40 walikufa. Hawa hawakuwa wamekuja kuteka chochote. Walikuwa wasafiri waliokuwa kwenye magari yao, wakiwemo maafisa wa GSU. Sasa hao tamaa yao ilikuwa ipi?

Au enda Sange, Kivu Kusini, nchini Kongo. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katikati ya kijiji. Ilikuwa msimu wa Kombe la Dunia, na jioni ile watu wengi walikuwa wamejaa kwenye vibanda vya video wakitazama mpira. Wapo waliokwenda kuteka mafuta, ni kweli. Lakini moto ulipokuja haukuuliza nani ana mtungi na nani amekaa anatazama mechi. Zaidi ya watu 200 walikufa.

Kwa hivyo ukisema "mimi siendi kuteka, hili halinihusu," umekosea. Likianguka mtaani kwenu, linakuhusu wewe, mama yako aliyelala, na mtoto wa jirani anayetaka kutoka nje kuona.

Kwa nini petroli inaua hata mwenye hana kiberiti

Watu wengi wanadhani hatari ni yule mmoja atakayewasha sigara. Ndiyo, huyo ni hatari. Lakini elewa kitu hiki. Kinacholipuka hasa ni mvuke wa petroli kabla ya petroli yenyewe. Na kwa joto letu la Mombasa, Voi au Garissa, petroli inatoa mvuke wakati wote, hata usiku.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu upotee. Unatambaa chini, unaingia kwenye mtaro, unafuata bonde, unapita chini ya mlango. Unaweza kuwa umesimama mbali na lori, huoni tone la mafuta, na bado uko ndani ya mvuke. Hapo cheche yoyote inatosha: boda ikipigwa starti, chuma kikigonga chuma, jiko la mama wa chapati upande wa pili wa barabara, waya wa betri unaong'olewa na mtu anayetaka kuiba betri.

Na usijidanganye eti "hii ni dizeli, haiwaki haraka." Lori moja la mafuta huwa limegawanywa vyumba ndani. Chumba kimoja kinaweza kuwa na dizeli na kinachofuata kikawa na petroli. Yakishapasuka, wewe na mtungi wako hamtajua mnateka nini.

Na sio mafuta peke yake

Hapa ndipo wengi wetu hatujafunguka macho. Mafuta ya gari mengi husafirishwa kwa bomba kutoka Mombasa hadi Nairobi na magharibi mwa nchi, halafu hupakiwa kwa malori. Lakini bandari yetu pia inapokea asidi, klorini, dawa za mashamba, na kemikali za viwanda na migodi. Mizigo hiyo inapanda barabara ile ile ya Mariakani, Voi na Mtito Andei kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Nyingine iko ndani ya kontena lililofungwa. Dereva mwenyewe wakati mwingine anajua tu kwamba amebeba "mapipa."

Mei 2024, serikali ilitoa tahadhari kwa umma baada ya gari lililobeba sodiamu sianidi kupata ajali eneo la Limuru, Kaunti ya Kiambu. Sianidi hutumika migodini kutenganisha dhahabu na mawe. Ni kitu kigumu, cheupe, ukiangalia haraka utadhani ni chumvi ya mawe au sukari. Kiasi kidogo sana kikiingia mwilini kinatosha kumuua mtu mzima, kwa kumeza, kwa kuvuta vumbi lake, hata kupitia ngozi. Ikikutana na asidi, au unyevu ukiingia, inatoa gesi inayoua. Sasa fikiria mtoto ameokota, au mtu amebeba pipa hilo nyumbani, akalimwaga, akaliosha, na kuanza kuwekea maji ya kunywa. Tunajua mapipa matupu yanavyotumika kwetu. Pipa la kemikali halioshwi likawa safi. Usiliguse kabisa.

Februari 2019, mkoa wa Lualaba nchini Kongo, lori lililobeba asidi ya salfa kwenda mgodini lilipata ajali na magari mengine barabarani. Takriban watu 20 walikufa. Hakukuwa na mtu anayeteka asidi. Iliwamwagikia tu.

Kwa hivyo kama hujui ndani kuna nini, chukulia kuna kitu kinachoua. Usinuse ili ujue. Usionje. Usiguse "kidogo tu." Kuna gesi ambazo ukizizoea pua inaacha kuzisikia, na kuna nyingine hazina harufu kabisa.

Saa ya kwanza: fanya hivi

Tuseme ukweli. Kwa barabara zetu nyingi, zimamoto haitafika dakika kumi baada ya ajali, na kuna sehemu haitafika hata saa nzima. Kwa muda huo, walio pale ni nyinyi: watu wa boda, wauza maji na njugu, waliotoka msikitini, wapangaji wa nyumba za kando ya barabara. Umati utakuwepo tu. Tofauti kati ya ajali na maafa ni kazi ambayo umati huo utafanya.

Kwanza, toka, na utoe wengine. Mwongozo wa dharura unaotumika Marekani na Canada unasema hivi kuhusu petroli: kaa mbali angalau mita 50 kila upande. Ikiwa imemwagika nyingi, ondoa watu hadi mita 300 upande ule upepo unakoelekea. Tenki likishika moto, mita 800 pande zote. Mita 800 ni kama viwanja vinane vya mpira vikifuatana. Ukilinganisha na vile sisi husimama mita kumi tukirekodi video, utaelewa kwa nini tunakufa.

Pili, angalia upepo na mteremko. Tazama moshi, bendera, leso iliyoanikwa au majani ya mnazi. Upepo ukupige mgongoni ukiwa umeelekea kwenye lori. Ukikupiga usoni, uko upande mbaya, zunguka. Na panda juu, usishuke bondeni wala kuingia mtaroni, kwa sababu mvuke na gesi nyingi nzito hukimbilia chini.

Tatu, zima. Pikipiki izimwe mbali na isukumwe kwa mkono. Majiko yazimwe, sigara hakuna. Magari yasimamishwe mbali pande zote mbili za barabara. Vijana wawili wenye matawi na tochi, kila mmoja upande wake na mbali na eneo lenyewe, wanaweza kuzuia matatu nzima isiingie ndani ya mvuke.

Nne, piga simu ukiwa mbali. 999 au 112 ni bure. Kenya Red Cross ni 1199. Sema mahali hasa: barabara gani, karibu na kituo gani, shule gani, msikiti gani. Sema kama kuna moto, kuna harufu, kuna watu waliobanwa. Weka namba ya zimamoto ya kaunti yenu kwa simu sasa hivi, sio siku ile. Kama huijui, iulize kwa chifu au kwa ofisi ya wadi kesho.

Tano, soma alama kama unaziona kutoka mbali. Lori la kemikali linatakiwa kuwa na kibao chenye umbo la almasi. Almasi nyekundu yenye mwali ni kitu kinachoshika moto. Fuvu la kichwa ni sumu. Nyeupe juu na nyeusi chini, yenye picha ya kitu kinachodondokea mkono, ni kinachounguza kama asidi. Mara nyingi kuna pia namba ya tarakimu nne, na namba hiyo ni sawa dunia nzima: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta taa, 1075 gesi ya kupikia, 1017 klorini, 1830 asidi ya salfa, 1689 sodiamu sianidi. Vuta picha kwa kamera ya simu ukiwa palepale mbali, umsomee yule uliyempigia. Namba hizo nne zinaweza kumwambia daktari atayarishe nini kabla mgonjwa hajafika. Usisogee hata hatua moja kwa ajili ya kuisoma. Kama huioni, wacha.

Sita, tumia sauti iliyo karibu. Usiku wa manane, kipaza sauti cha msikiti kinafika pale ambapo gari la polisi halijafika. Imamu na kamati wanaweza kutangaza kwa maneno machache: "Lori la kemikali limeanguka mahali fulani. Msiende. Zimeni majiko. Ondokeni kuelekea upande fulani." Watangaze kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale mtaani, iwe Kiduruma, Kisomali, Kikamba au Kidholuo. Kanisa la jirani lina spika pia. Moto hauchagui dini, na tangazo lisichague. Makundi ya WhatsApp ya boda yatumike kuzuia watu, sio kuwaita.

Majeruhi, maji na dereva

Mtu akimwagikiwa asidi au kemikali nyingine ya maji, toa nguo zake haraka na umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika 15 hadi 20, hasa macho. Usipake chokaa, mafuta wala dawa ya meno. Lakini usichukue ndoo ukamwaga maji juu ya asidi iliyo chini barabarani, itachemka na kukurukia. Maji ni ya ngozi ya mtu. Iliyo barabarani waachie wenye vifaa.

Aliyeungua na moto, poesha kwa maji ya kawaida ya kutiririka dakika 20. Yai, dawa ya meno, unga, hivyo vyote viache jikoni. Aliyelowa petroli, peleka mbali na moto, mwagie maji, mvue zile nguo. Aliyemeza, usimlazimishe kutapika. Na ukishuku sumu kama sianidi, usimpulizie pumzi kwa mdomo, nawe utaanguka naye.

Maji ya mto, kisima au bwawa lililo chini ya ajali yasitumike mpaka yapimwe. Sio kunywa, sio kuogea, sio kutawadha. Mbuzi na ng'ombe wazuiwe. Ukiona samaki wamekufa wanaelea, hao sio kitoweo. Usile wala usiuze.

Sasa dereva na utingo wake. Mara nyingi wamebanwa ndani wakiwa hai, na watu wanapita kando yao wakikimbilia mafuta. Hili lituume. Kama ametoka mwenyewe, mpeleke mbali na mumuulize amebeba nini, karatasi za mzigo ziko wapi. Yeye ndiye anayejua kuliko nyote. Kama amebanwa na kuna mvuke, moto au vumbi usilolijua, usiingie, maana tutazika wawili. Piga simu, zuia moto, zungumza naye kwa sauti kutoka mbali asijione ameachwa. Ni vigumu kusimama hapo, lakini ndivyo mtu anavyobaki na nafasi ya kuokolewa.

Na mzigo? Mali ya mtu haigeuki halali kwa sababu gari limelala ubavu. Hilo kila aliyekaa madrasa analijua, wala halihitaji fatwa.

Baada ya kamera kuondoka

Hapa ndipo haki zako zinaanza, na hapa ndipo huwa tunanyamaza.

Lori likishainuliwa na barabara kufunguliwa, kila mtu anasema imekwisha. Haijakwisha. Udongo umekunywa kemikali. Mvua ikija, inashuka kisimani. Mama anaanza kuona mtoto ana vipele, kuku wanakufa, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Katiba yako, Ibara ya 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine kama unazihitaji kulinda haki yako. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani juu ya haki hiyo ya mazingira, na huhitaji hata kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia. Maana yake usingoje mtu afe ndipo ulalamike.

Kisha kuna sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ile inayoitwa EMCA. Kifungu cha 93 kinamtaka mwenye gari lililomwaga kemikali au mafuta aijulishe NEMA au idara husika mara moja, na aanze kusafisha mara moja. Akipatikana na hatia, mahakama inaweza kumlipisha gharama ya kusafisha na ya fidia kwa walioathirika. Soma tena hapo: kusafisha ni mzigo wa mwenye gari. Sio kazi ya vijana wa mtaa kupewa mia tano na koleo bila glavu, kama inavyofanyika.

Kwa hivyo siku ya pili, kundi lenu lifanye kazi hii. Andikeni tarehe, saa, mahali, namba ya usajili wa lori na trela, jina la kampuni lililo ubavuni. Wekeni picha zilizopigwa kutoka mbali. Andikeni majina ya walioumia na hospitali waliyopelekwa, na watunze karatasi zao zote. Pelekeni barua kwa NEMA na kwa kaunti, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ulizeni mambo manne: ilikuwa kemikali gani, kiasi gani, nani anasafisha, na matokeo ya kupima maji yako wapi.

Utasema barua hazisaidii. Muulize mtu wa Owino Uhuru, hapo Mikindani, Mombasa. Wale hawakuangukiwa na lori. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi kwa miaka, wakiwa watu wa kipato kidogo bila mkubwa wa kuwasemea. Waliweka rekodi, wakapimwa damu, wakaenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa. Hawakukaa chini. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka mingi mno, ndiyo, na wengine walifariki wakingoja. Lakini leo hakuna anayeweza kusema walikuwa wanapiga kelele tu.

Tunachodai

Hatutaki pole nyingine. Tunataka mambo yanayoweza kuhesabika.

Malori yote ya kemikali yakaguliwe alama zake kwenye mizani, Mariakani na kwingineko. Kama lori linaweza kuzuiwa kwa kuzidisha uzito, linaweza kuzuiwa kwa kukosa kibao kinachosema limebeba sumu.

Huduma za zimamoto na kukabili majanga ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Basi kila kaunti iliyo kwenye barabara hii itueleze hadharani ina magari mangapi ya kuzima moto wa mafuta kwa povu, yako wapi, na wafanyakazi wangapi wana nguo za kuingilia kemikali. Hilo ni swali la kumuuliza MCA wako kabla ya bajeti kupitishwa, sio baada ya msiba.

Tahadhari kwa umma itoke mapema, kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, kwenye redio na kwa ujumbe wa simu. Tahadhari ya Kiingereza iliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni haimfikii bibi anayechota maji mtoni.

Malori yaliyobeba mafuta na kemikali yasilale katikati ya makazi ya watu. Mtaa unaojua lori fulani huegeshwa kando ya madrasa kila usiku, upige picha na uandike barua leo.

Na matokeo ya kupima maji na udongo yabandikwe kwa ofisi ya chifu, sokoni na msikitini. Maji ni yetu, majibu pia ni yetu.

Ijumaa hii, baada ya swala, ongea na watu watano. Mtu wa boda mmoja, mwalimu wa madrasa mmoja, mama wa nyumba kumi, mtu wa kamati ya msikiti, na rafiki yako yule ambaye unajua kabisa lori likianguka atakuwa wa kwanza kukimbia na mtungi. Kubalianeni nani atapiga simu, nani atatangaza, nani atafunga barabara upande gani, na watu watakimbilia uwanja upi kutegemea upepo. Mkutano wa nusu saa, chai moja.

Huyo rafiki yako wa mtungi mpe kazi ya kufunga barabara. Ana mbio, ana sauti, na watu wa mtaa wanamsikiza.